Daka la Udaktari wa Meno



Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu yanapotangazwa, hazikosekani nyumba ambazo furaha huingia nusu. Kijana aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia katika kidato cha tano na cha sita, akakesha usiku na vitabu vyake kwa tamaa ya kuitwa daktari, huona jina lake limo, lakini limo katika orodha ya kinywa na meno. Na jamaa waliokuwa tayari kupiga vigelegele hutazamana kwanza, wakaulizana kwa sauti ya chini kama mtoto wao amepewa udaktari au amepewa kipande chake tu. Sisemi haya kuwalaumu wazazi. Kazi huheshimiwa kwa kujulikana, na kazi ya daktari wa meno haijulikani na wengi wetu ila kwa adha ya saa moja, ganzi shavuni na koleo kinywani, mbele ya mtu ambaye, maumivu yakiisha, hatumkumbuki tena.

Hiyo ndiyo sababu nimeona vema leo kunena juu ya jambo ambalo baadhi ya watu huenda wakalidhania dogo, nalo ni kuanzishwa kwa vyama vya wanafunzi wanaotarajia kuwa madaktari wa meno katika vyuo vikuu vyetu. Nasema, kwa yakini ya moyo wangu, kwamba chama cha namna hii kikianzishwa kwa ikhlasi kinaweza kumpa kijana kitu ambacho darasa halina nafasi ya kumpa, yaani kuijua kazi yake na watu wake kabla haijawa riziki yake.

Nchini Marekani, mtu anayetaka kuwa daktari wa meno husoma kwanza shahada nyingine, kwa kawaida miaka minne, ndipo akafanya mtihani maalumu wa kuingilia na kuanza miaka minne mingine ya udaktari wenyewe. Katika miaka ile ya kwanza vyama vya watarajiwa ni vingi, na shughuli yao kubwa ni kuwatafutia wanachama madaktari walio radhi kuwakaribisha wakae kando ya kiti cha mgonjwa, watazame na kuuliza. Kwetu mambo si hivyo. Katika Chuo Kikuu cha Muhimbili hapa Tanzania, na vivyo hivyo katika Chuo Kikuu cha Nairobi ambako mafunzo haya yalianza mwaka 1974, kijana hutoka shule ya sekondari akaingia moja kwa moja katika masomo ya udaktari wa meno, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa au ishirini, na pengine hajapata kuingia katika kliniki ya meno hata mara moja maishani mwake. Nyumba za mawe za Lamu zina daka, ile sehemu ya mlangoni yenye viti vya mawe, ambapo mgeni huketi akaamkiwa na kupumzika, mwenye nyumba akamjua naye akamjua mwenye nyumba, kabla hajakaribishwa ndani. Masomo yetu ya meno yamejengwa bila daka, na chama ndicho kinachoweza kulijenga.

Tazameni jinsi miaka hii inavyokwenda. Mwanzoni mwanafunzi husoma maumbile ya mwili na kazi za viungo vyake pamoja na wenzake wa udaktari wa tiba, wala hapana kinachompambanua nao isipokuwa jina la shahada lililoandikwa katika kitambulisho chake. Baadaye hupewa kipande cha nta na kisu kidogo, akaambiwa achonge gego lenye vilima na mabonde yake yote, kwa vipimo ambavyo unene wa ukucha huviharibu; kisha huwekewa kichwa cha bandia chenye meno, akajifunza kutoboa na kuziba pasipo kumwumiza mtu. Mgonjwa wa kweli huja nyuma kabisa. Katika kungoja huko ndiko nia za wengi hulegea, wengine wakaomba kuhamia fani nyingine, si kwa kuwa kazi imewashinda, bali kwa kuwa hawajaiona. Chama kingewakusanya hawa jioni moja katika juma, wa mwaka wa nne akamshika mkono wa mwaka wa kwanza akamwonyesha namna ya kukishika kile kisu cha nta; kingemwalika tabibu wa meno wa wilayani, aliyefanya kazi miaka mingi penye umeme wa kukatikakatika, aeleze humtuliza vipi mtoto aliaye kwa hofu; na kingewafungulia mlango wanafunzi wa kemia na wa elimu ya viumbe wanaotaka kuijua kazi hii, hata na wale wa kidato cha tano na cha sita wa shule za jirani. Na ambaye, baada ya kutazama, ataona kwamba damu na mate ya watu vinamshinda, ataondoka mapema bila fedheha, na kuondoka kwake kutakuwa faida kwake na kwa wagonjwa ambao angewatibu kwa shingo upande.

Msidhani kwamba nalikuza jambo. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inasema kwamba maradhi ya kinywa yamewapata watu wapatao bilioni 3.5, ambao ni karibu nusu ya wanadamu wote, na kwamba watatu katika kila wanne kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Na Afrika ndilo eneo ambalo madaktari wa meno ni haba kupita kote. Lakini hesabu kubwa namna hii hupita masikioni pasipo kuacha alama, kwa hiyo nitataja mambo mawili ya hapa kwetu.

La kwanza ni lile balaa liitwalo meno ya plastiki. Tangu miaka ya themanini imeenea nchini, na kwa majirani zetu pia, itikadi kwamba mtoto mchanga anayeharisha na kushikwa na homa ameota ndani ya fizi meno yasiyo ya kawaida, ambayo yasipotolewa yatamwua. Hupelekwa kwa mganga, naye huichana fizi kwa ncha ya kisu au kwa spoku ya baiskeli, akatoa kitu cheupe, laini, akamwonyesha mama. Na mama, akikiona kwa macho yake, huamini. Kitu kile ni chonge ya utotoni iliyokuwa bado inaumbika. Homa ilikuwa ya malaria, au ya kifua, au ya tumbo, na siku iliyopotea kwa mganga ndiyo siku ambayo mtoto alihitaji maji ya chumvi na sukari, au sindano, au dawa. Tena jeraha lenyewe huleta kutokwa na damu na maambukizi ambayo watoto wamekufa kwayo, na aliyesalimika huenda akakua na pengo, au na chonge ya ukubwani iliyopinda na kuharibika.

Ni nani atakayeliondoa balaa hili? Karatasi ya tangazo iliyobandikwa ukutani haikuliondoa. Mwenye uamuzi katika nyumba nyingi ni bibi, na bibi hasemezwi na karatasi. Husemezwa na kijana aliyeketi mkekani chini yake, akatoa shikamoo yake kwa adabu, akamwuliza kwanza aliyoyaona katika kulea wanawe na wajukuu, akamsikiliza hata mwisho, ndipo akamwonyesha katika mfano wa plasta jinsi jino linavyoanza likiwa laini na jeupe ndani ya taya la kila mtoto aliye mzima. Kijana wa namna hiyo tunaye, naye ni huyu mwanafunzi, ambaye pengine fizi zake mwenyewe ziliponea chupuchupu. Na akipewa ruhusa ya kuketi na kina mama katika kliniki ya mama na mtoto asubuhi moja katika mwezi, atajifunza pale lugha ya kumsemeza mgonjwa, elimu ambayo hakuna mtihani wa chuo unaoipima.

La pili ni maji. Katika miteremko ya Mlima Meru, na katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, maji hupita katika mawe ya volkano yakachukua floridi nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa mpaka. Mtoto anayeyanywa katika umri ambao meno yake ya ukubwani yangali yakiumbwa huota meno yenye mabaka ya kahawia, na magadi yatiwayo katika maharagwe na makande ili yaive upesi huongeza floridi ile ile chunguni. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe, wala mswaki wa asubuhi na jioni hauiondoi. Lakini wasiojua humdhania mwenye nayo kuwa mchafu, naye huzoea kucheka huku amefunika kinywa kwa kiganja. Chama cha wanafunzi hakiwezi kuyasafisha maji ya mkoa mzima. Kinaweza kwenda shuleni kumwambia msichana wa miaka kumi na minne, mbele ya wenzake, kwamba hana kosa lolote, na kumweleza mama yake habari ya magadi na faida ya maji ya mvua. Na hilo si jambo dogo kwa msichana yule.

Lakini natoa tahadhari, nayo ni nzito. Mwanafunzi hana leseni, na huruma haimpi. Chama kisithubutu kwenda kijijini kung'oa meno kwa kuwa watu wanaumwa na vifaa vimepatikana, maana kifaa kisichotakaswa kwa mvuke ipasavyo huhamisha homa ya ini na virusi vya Ukimwi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, na jino linaloonekana jepesi huweza kuvunjikia tayani likabakiza mzizi. Kazi ya wanachama ni kufundisha, kutazama na kuelekeza. Na vinywa vikikaguliwa, vikaguliwe mbele ya daktari aliyesajiliwa, naye ndiye wa kujibu.

Kuhusu kukianzisha chama chenyewe sina mengi ya kusema. Katiba iwe fupi, mlezi awe mwalimu anayeipenda kazi yake, barua ipelekwe kwa Mshauri wa Wanafunzi, na daftari la mweka hazina liwe wazi kwa kila mwanachama. Vyama vingi hupoteza mwaka wa kwanza katika kugombea vyeo na kuchapisha fulana, vikafa siku waasisi wanapohitimu. Na kwa kuwa shahada hii Muhimbili ni ya miaka mitano, hapana mwasisi atakayebaki baada ya hapo. Kwa hiyo kila mwenye cheo awe na naibu wa mwaka wa kwanza au wa pili tangu kikao cha kwanza, akijua ufunguo ulipo na barua zilipo. Na wanachama waandikiane na wenzao wa mbali, maana jumuiya ya kimataifa ya wanafunzi wa meno ipo tangu mwaka 1951, ilipoundwa Copenhagen, na haifai vijana wetu wajione peke yao.

Nawaomba wakuu wa vyuo wawape vijana hawa chumba chenye meza ndefu, taa nzuri na kabati la kufungwa, na nawaomba madaktari wa meno wa mijini, wa serikali na wa binafsi, wamkubalie kila mmoja mwanafunzi mmoja akae kando ya kiti chake alasiri moja katika mwezi, mgonjwa akiridhia. Siku ya Afya ya Kinywa Duniani huadhimishwa tarehe 20 Machi. Chama kitakachoandikishwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo kina muda wa kutosha kuiandaa ziara yake ya kwanza katika shule ya msingi iliyo jirani na chuo. Na mwalimu mkuu apelekewe barua kabla ya likizo ya Desemba, apate kuiweka siku hiyo katika ratiba yake.