Ushirika wa Miti na Kuvu

Laiti jicho la binadamu lingeweza kupenya udongo wa msituni, lingeziona nyuzi za kuvu, nyembamba kupita unywele, zikiifunika mizizi ya miti, zikiipatia maji na madini na kupokea sukari ambayo majani huitengeneza kwa nuru ya jua.

Katika misitu ya British Columbia, nchini Kanada, mtaalamu Suzanne Simard aliivika mifuko ya plastiki miche ya mibetula na ya misonobari iitwayo Douglas, iliyopandwa jirani, akaitilia hewa ya ukaa yenye alama, kaboni 14 kwa mmoja na kaboni 13 kwa mwenziwe, kisha akasubiri na kupima. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature, yalikuwa ya ajabu: kaboni ya kila mmoja ilikutwa ndani ya mwenziwe, na msonobari uliotiwa kivulini ndio uliopata ziada kubwa, ilhali mwerezi wa jirani, usioshiriki nyuzi za kuvu pamoja na miti hiyo miwili, uliambulia sehemu ndogo tu.

Wako maulamaa ambao hawajaridhika kuwa nyuzi hizo ndizo njia kuu ya kaboni hiyo, na hoja yao yastahili kusikilizwa kwa insafu.

Miti ya mitundu na miyombo ya Tabora nayo huishi kwa ushirika kama huo, na uyoga mwingi uchumwao huko wakati wa masika hutokana na kuvu za mizizini. Basi, ndugu wakulima, tahadharini: miti hiyo ikifyekwa yote, uyoga huo nao hutoweka.