Kutengeneza Picha za Zamani kwa Kompyuta: Mashauri kwa Wanaoanza

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wetu aliniomba nieleze namna mtu anavyoweza kutengeneza picha kwa kompyuta bila kununua programu ya bei kubwa. Mimi si mpiga picha wala fundi wa kompyuta. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni mafaili. Haya nitakayoyasema nimeyajua kwa sababu niliwahi kuharibu picha ya watu, ikanibidi nijifunze. Kwa hiyo naanza na kosa langu.

Miaka michache iliyopita mwenzetu wa darasa alifariki dunia. Mama yake aliniita akanipa picha ndogo tuliyopigwa kikundi tulipokuwa kidato cha nne. Ndiyo picha pekee aliyokuwa nayo ya mwanawe akiwa na sare ya shule hii. Rangi zilikuwa zimefifia, na mkunjo ulikuwa umepita katikati ya uso wa marehemu. Mama akaomba niikuze aitundike ukutani. Nikaipeleka kwenye duka la stesheneri, wakaiskani, nikarudi nyumbani na faili moja tu ndani ya flashi, na karatasi nikamrudishia mwenyewe. Usiku ule nikaufuta mkunjo, nikaulainisha uso, nikaipunguza picha ipate kupita upesi kwenye simu niwaonyeshe wenzangu, kisha nikaihifadhi juu ya faili lile lile. Nilijiona bingwa.

Nilipompelekea mama picha iliyochapwa, aliitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Ahsante, baba. Lakini huyu siye."

Alisema kweli. Pamoja na mkunjo nilikuwa nimefuta kovu dogo lililokuwa juu ya jicho la kushoto, ambalo sote tuliomjua tulilizoea. Nikataka kurudi nyuma, lakini faili la kwanza halikuwapo tena, na lile lililobaki lilikuwa dogo mno kuweza kukuzwa. Kilichoniokoa ni kwamba mama alikuwa ameihifadhi karatasi yake sandukuni, ndani ya kitambaa. Nikaiomba tena, nikaanza upya. Mashauri yangu leo ni namna nilivyofanya mara hii ya pili.

Programu niliyotumia inaitwa GIMP. Vijana, sikilizeni hapa. Programu hii ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili, Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wakisoma Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, nchini Marekani. Mwaka 1996 wakaitoa kwa watu wote. Tangu hapo imeendelezwa na watu wengi wanaojitolea, na toleo la 3.0 lilitoka mwezi wa Machi 2025. Haiuzwi. Leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kumgawia mwenzake, na hata kuufungua ufundi wake wa ndani na kuubadilisha. Ukishaipakua kutoka tovuti yake rasmi na kuiweka katika kompyuta, hufanya kazi bila intaneti. Basi hakuna sababu ya mtu kutumia programu ya wizi, ambayo mara nyingi huja na virusi ndani yake.

Sasa mashauri yenyewe. Majina ya vitufe nitayataja kama yanavyoonekana kwenye kioo cha kompyuta.

La kwanza, usiguse picha ya asili. Sisi wa masijala tunajua kwamba hati halisi haiandikwi juu yake. Hutolewa nakala, na nakala ndiyo huandikwa. Fanya vivyo hivyo. Kabla ya lolote, nakili faili, na ile ya asili iweke mahali pawili: kwenye kompyuta na kwenye flashi, kwa mfano. Karatasi nayo usiitupe kwa kuwa umeshaiskani.

La pili, skani picha kwa ukubwa wa kutosha. Picha hupimwa kwa nukta. Ili chapa itoke safi, kipimo kinachofaa ni nukta 300 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ukiiskani kwa nukta 300, utapata chapa nzuri ya ukubwa ule ule tu. Ukitaka kuikuza mara mbili, yaani sentimita 20 kwa 30, mwambie mwenye duka aiskani kwa nukta 600. Kompyuta inaweza kuongeza nukta baadaye, lakini haiwezi kurudisha sura ambayo haikuingia tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo hiyo, picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imekwisha kupunguzwa. Mwambie mwenzako akutumie kama dokumenti.

La tatu, jua tofauti ya 'Save' na 'Export'. Hapa ndipo wanaoanza wengi hukwama. Katika GIMP, 'Save' huhifadhi kazi yako pamoja na matabaka yake katika faili la aina ya XCF, ambalo utaweza kulifungua kesho ukaendelea. 'Export As' hutoa picha ya kuchapa au kutuma, kama vile JPEG. Faili la JPEG hubanwa, na kila linapofunguliwa, likabadilishwa na kuhifadhiwa tena, hupoteza kidogo. Basi kazi yako ifanye katika XCF, na JPEG itoe mwishoni, kwa jina jingine. Kama unataka picha ndogo ya simu, toa nakala ndogo peke yake.

La nne, fanya kazi juu ya tabaka. Wazee wenzangu mnakumbuka ile karatasi angavu tuliyoiweka juu ya ramani katika somo la jiografia, tukachora juu yake bila kuichafua ramani. Tabaka ndiyo karatasi ile. Nenda kwenye 'Layer', uchague 'Duplicate Layer', kisha urekebishe tabaka la juu tu. Kando yake kuna alama ya jicho. Ukiibofya, tabaka la juu linafichika na unaiona picha ilivyokuwa. Bofya mara kwa mara ulinganishe. Kama ningefanya hivyo usiku ule, kovu ningeliona.

La tano, rangi zilizofifia. Fungua 'Colors', kisha 'Levels'. Utaona mchoro kama kilima, na chini yake pembetatu tatu. Ile nyeusi isogeze mpaka pale kilima kinapoanza upande wa kushoto, na ile nyeupe mpaka pale kinapoishia upande wa kulia. Ya katikati hung'arisha au hutia giza picha kwa jumla. Mara nyingi hatua hii moja yatosha kuifufua picha. Usizidishe, maana nyuso za watu hupauka.

La sita, madoa na mikunjo. Chombo chake kinaitwa 'Heal'. Bonyeza Ctrl na ubofye mahali safi karibu na doa, kisha uachie Ctrl na upake doa lenyewe kidogo kidogo. Brashi iwe kubwa kuliko doa kwa kiasi kidogo tu. Ukikosea, Ctrl na Z hukurudisha nyuma, ila ukishalifunga faili njia hiyo haipo tena. Na kama brashi inagoma kupaka, usiilaumu kompyuta upesi. Tazama kama uko kwenye tabaka lililo sahihi, au kama kuna sehemu uliyoichagua mwanzo ukaisahau. Nenda 'Select', kisha 'None', ujaribu tena.

La mwisho ni la uso wa mtu. Mkunjo, vumbi na doa la chai ni vya karatasi, ondoa. Kovu, kasoro ya jino na kunyanzi ni vya mwenyewe, acha. Ukiwa na shaka kama alama ni ya karatasi au ya mtu, simamisha kazi ukaulize waliomjua. Mimi nilikuwa nimemjua, na bado nilikosea kwa haraka yangu.

Nawaomba wanafunzi, kama chumba cha kompyuta kinaruhusu, muombe programu hii iwekwe mjifunze. Nasi wazee tulete picha zetu za zamani ziskaniwe hapa, huku kila mmoja akirudi nyumbani na karatasi yake. Wengi wa waliomo katika picha hizo tumekwisha kuwazika, na majina yao yasipoandikwa sasa, hatabaki wa kuyataja.

Mara ile ya pili nilipompelekea mama picha, hakusema kama ni nzuri au mbaya. Aliweka kidole juu ya lile kovu, akatulia. Kisha akakisogeza kidole kando, akauliza, "Na huyu aliyesimama nyuma yake, mwembamba hivi, ni nani?"

Nikamwambia, "Ni mimi, mama."