Somo la Afya: Moyo na Amri Yake

Wekeni vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Hesabuni mapigo kwa dakika 1. Mtu mzima akipumzika hupata 60 hadi 100.

Ni nani auamuruye moyo? Katika mtumbwi wa watu wengi mtoni Rufiji, mmoja hutoa sauti, na makafi yote huingia majini pamoja. Moyo nao una kiongozi: sehemu ndogo ya nyama, juu upande wa kulia, itoayo umeme hafifu. Umeme huo huenea katika vyumba viwili vya juu, navyo humimina damu chini. Kisha hungoja mlangoni, katikati ya moyo, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya chini vijae. Ndipo hushuka upesi, na vyumba vya chini husukuma damu mapafuni na mwilini.

Mlango huo ukiharibika, amri haifiki. Vyumba vya chini hujipigia vyenyewe, polepole mno. Mtu huona kizunguzungu, hata huzimia. Jamaa husema ni shetani. Huenda ni moyo: apelekwe hospitali upesi.

Huko atapimwa umeme wa moyo. Mholanzi Willem Einthoven alipotengeneza mtambo wake, zaidi ya miaka 100 iliyopita, mgonjwa alitia mikono na mguu katika maji ya chumvi. Siku hizi hubandikwa nyaya tu kifuani, mikononi na miguuni. Msiogope: mashine haitii umeme mwilini, huandika tu.

Karatasi yake ina miraba. Kwa mwendo wa kawaida, miraba mikubwa 5 ni sekunde 1. Basi 300 ni dakika 1. Hesabuni miraba kati ya vilele virefu viwili, mgawanye 300 kwa hesabu hiyo. Miraba 4 ni mapigo 75. Je, miraba 10? Ni 30: machache mno.

Mgonjwa huyo aweza kuwekewa betri ya moyo chini ya ngozi. Kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Zoezi: andikeni mapigo ya watu 3 wa nyumbani. Akiwapo azimiaye, andikeni tarehe na saa alipoanguka, mkampe daktari karatasi hiyo.