Kirikou Angezaliwa Kalemie

Leo sisemi barabara, wala bei ya ndagala. Nataka tuongee katuni, na anayedhani katuni ni mambo ya watoto peke yao avumilie dakika chache.

Kuna filamu inaitwa Kirikou et la sorcière. Aliitengeneza Mfaransa Michel Ocelot, mtu aliyekulia Conakry, Guinea, na ikatoka mwaka 1998. Muziki ni wa Youssou N'Dour, na sauti za wahusika zilirekodiwa Dakar kwa waigizaji wa Senegal. Nchini Ufaransa peke yake filamu hii iliwaingiza watu zaidi ya milioni moja kwenye majumba ya sinema, na mwaka 1999 ikachukua tuzo kubwa ya filamu ndefu kwenye tamasha la katuni la Annecy. Hapa kwetu Kalemie imefika kama filamu nyingi zinavyofika: kwenye diski ya kunakiliwa, kwenye kifimbo cha USB, kwenye simu ya mtoto wa jirani.

Inaanza hivi. Mama mjamzito amekaa ndani ya nyumba. Mtoto anamsemesha akiwa tumboni, anataka kuzaliwa. Mama, bila kushtuka hata kidogo, anamjibu kwamba mtoto mwenye kinywa cha kusema tumboni basi ajizae mwenyewe. Naye anajizaa! Anatoka, anakata kitovu chake, anajitajia jina, Kirikou, kisha anaanza maswali. Baba yuko wapi? Ameliwa na Karaba mchawi. Na wajomba? Nao wameliwa. Amebaki mjomba mmoja, na huyo yuko njiani kwenda kupigana. Kirikou, hata kunyonya bado, anatoka mbio kumfuata.

Nimeitazama filamu hii zaidi ya mara moja katika chumba kilichojaa watu wa kila umri, na dakika hizo za mwanzo ndizo ninazopenda kuzitumia kuwatazama watu, si skrini. Watoto wanaanguka kwa kicheko papo hapo. Mtoto mchanga, uchi, mfupi kuliko goti la mtu, anakimbia kasi kuliko wote na kumpa mjomba mzima mpango wa vita! Vijana wanapiga makofi. Wakubwa nao wanacheka, ila kicheko chao kinafika na kusimama katikati. Bibi mmoja anavuta kitenge begani. Baba mmoja anaguna. Lazima yuko atakayesema kwa sauti ya chini kwamba mtoto wa namna hiyo si wa kawaida.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo katuni ya Ocelot inapokuwa filamu nyingine kabisa. Mjini Paris mtazamaji anamwona Kirikou kama mtoto mwerevu anayechekesha. Kwetu, mtoto aliyesema kabla ya wakati wake, anayekaidi wakubwa, anayeuliza mpaka mzee anakosa jibu, anayekwenda peke yake mahali watu walipokatazwa, huyo amekwisha kujaza karatasi yake yote ya mashtaka ya uchawi. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2010 kuhusu watoto wanaoshutumiwa uchawi Afrika ilitaja nani wanaopatwa zaidi: mayatima, wenye ulemavu, wakaidi, wale wanaokaa kimya mno, na hata wale wenye akili kupita wenzao. Kirikou hana baba, ni mkaidi, ana akili. Angezaliwa Kalemie angepelekwa chumba cha maombi, akanyimwa chakula siku kadhaa, akaulizwa amemla nani.

Msiniambie hayo ni ya Kinshasa na Mbuji-Mayi. Huko yameandikwa sana kwa sababu waandishi wako wengi huko. Ila sisi tunajifahamu. Biashara ikianguka, mtumbwi ukizama, mama akiharibikiwa mimba mara mbili, jicho linatafuta aliye mdogo kuliko wote katika nyumba, hasa kama ni mtoto wa ndugu aliyekufa. Na sheria ipo wazi. Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi, ikiweka jambo hilo pamoja na kumtupa mtoto na kumdhulumu kimwili. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu katika kifungu cha 160. Wangapi kati yetu tumepata kukisikia kifungu hicho kikisomwa kanisani?

Basi rudini kwenye filamu. Kijiji cha Kirikou nacho kina wakubwa wa aina yetu. Kuna mzee mmoja anayejua kila kitu, na kila anachokijua si kweli. Anapoonya, wote wanatetemeka; anapokosea, hakuna anayemkumbusha. Huyo ndiye kichekesho kikubwa kuliko vyote, na watoto wanamcheka kwa sababu wanamfahamu, wanaye nyumbani. Chemchemi ya kijiji imekauka, wote wanasema ni Karaba amelaani maji. Kirikou anakwenda kutazama. Anaingia ndani, anamkuta mnyama amenenepa kwa kunywa maji yote, anamtoboa. Maji yanarudi. Tangu hapo ni mwendo uleule: wengine wanaogopa, yeye anakwenda kuangalia. Akiwa chini ya ardhi anapambana na kicheche. Akitoka juu anapanda ngiri kama mtu wa pikipiki aliyechelewa bandarini. Chumba kizima kinasimama. Umeme wa mtambo wa Bendera ukizima hapo, mwenye jenereta asipowahi, watu wanaweza kuvunja viti.

Wanaosikia hadithi za Kalulu, yule sungura mjanja, tangu utotoni hawashangai. Mdogo kumshinda mkubwa kwa akili ni urithi wetu. Tofauti ni moja. Kalulu anadanganya. Kirikou anauliza. Swali lake kubwa, analolirudia mpaka watu wanachoka naye, ni kwa nini Karaba ni mbaya. Hakuna mtu mzima kijijini aliyepata kufikiri kuuliza hivyo. Wao inawatosha kujua kwamba ni mbaya.

Jibu analipata kwa babu yake, ndani ya mlima uliokatazwa. Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Karaba hali watu, hajawahi kula mtu yeyote. Ana mwiba mgongoni. Wanaume walimshika, wengine wakamchoma mwiba huo wenye sumu katika uti wa mgongo, na maumivu hayajamwacha hata siku moja. Nguvu zake zimetoka humo, na hasira yake imetoka humo. Watoto wanasubiri tu kuona mwiba ukitolewa. Lakini tazameni akina mama waliokaa nyuma. Hawacheki hapo, wala hawaongei. Katika mkoa huu, wenye wanawake waliokimbia vijiji vyao usiku na kuja kulala chini ya maturubai, hakuna haja ya mtu kusimama kueleza mwiba ule ni nini.

Kirikou anautoa kwa meno. Siwaelezi mwisho. Nasema tu kwamba mchawi hachomwi moto, na kwamba baada ya mwiba kutoka bado wanakijiji wanataka kumpiga. Ocelot alijua wanadamu.

Zamani Wabelgiji walikuwa na mawazo yao kuhusu sisi mbele ya skrini. Mwaka 1952 bwana L. Van Bever, mtu wa huduma ya sinema ya serikali ya kikoloni, alitoa kitabu kuhusu sinema ya Waafrika, na fikra ya wakati ule ilikuwa kwamba tunahitaji hadithi nyepesi, polepole, zilizotengenezwa kwa kipimo chetu. Mapadri wakatuletea katuni za Mboloko, yule paa mdogo mjanja, zenye fundisho la tabia njema. Nazo zilipendwa, sikatai. Lakini laiti Van Bever angekaa pembeni ya bibi yule wa kitenge, akaona mtu anavyoweza kucheka, kuogopa na kuhesabu madhambi ya ukoo wake katika dakika moja.

Wako wanaoipinga filamu hii. Wengine wanasema akina mama wa kwenye filamu wako vifua wazi. Ni kweli, na hata Ulaya na Marekani wako waliomtaka Ocelot awavishe; akakataa. Kwangu hilo si neno. Bibi zetu walivaa hivyo, na picha za zamani za Albertville, jina la kale la mji wetu, zipo. Wengine wanasema filamu inazoesha watoto kumjibu mkubwa. Hapo nakubali: inazoesha. Nadhani ndiyo maana wanaipinga, na ndiyo maana naipenda.

Kwa hiyo nina ombi, na ni ombi dogo. Mwenye chumba cha video kule Kataki, au karibu na daraja la Lukuga, au popote, aweke Kirikou Jumamosi moja kabla ya mpira, kwa bei ya mtoto. Kijana mwenye kinywa cha kutafsiri asimame mbele aieleze kwa Kiswahili, kama Lufufu alivyofanya na filamu za watu kule Dar es Salaam, maana bibi hasikii Kifaransa na bibi ndiye ninayetaka aione. Walimu waje na wanafunzi. Na ninyi wachungaji wenye vyumba vya maombi, mnakaribishwa kuliko wote. Njooni mapema, mkae mbele pamoja na watoto.