Picha ya Setilaiti Si Ramani
(Maandishi ya hotuba kwa wakazi kuhusu ardhi ya jamii)



Anayetaka picha ya setilaiti ya Garissa leo hahitaji kumlipa mtu. Picha za Landsat za Marekani, zilizoanza kupigwa mwaka 1972, zimetolewa bure tangu 2008. Za Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza 2015, pia ni bure, na hupita juu ya eneo moja kila siku 5 hivi. Kinachotakiwa ni intaneti na barua pepe.

Lakini nukta moja ya Landsat ni mita 30 kwa 30 ardhini, na ya Sentinel-2 ni mita 10. Kisima, nyumba ya mfugaji na bikoni ya mpaka humezwa humo. Picha kali zaidi zipo, ila huuzwa, tena kwa bei ya juu.

Mvua nayo huleta mawingu. Tana ilipofurika Novemba 2023, siku ambazo picha zilihitajika sana ndizo mawingu yalipotanda. Setilaiti za rada huona kupitia mawingu, lakini maji yaliyo chini ya vichaka vizito huweza kuzipita.

Na macho hudanganyika. Wakati wa jilaal, mchanga wa laga huonekana kama barabara. Kijani kando ya mto humfurahisha aliye Nairobi, akadhani ni malisho, kumbe ni mathenge.

Kubwa zaidi ni malka. Kwenye picha, njia ya mifugo kuelekea mtoni ni uwazi tu usio na jina wala mwenyewe. Asiyejua atakata shamba hapo, na ngamia wakifika watakuta ua. Majina na haki za kupita huingia kwenye ramani kwa kuulizwa watu. Hata ramani rasmi za zamani hazina silanga zilizochimbwa baadaye. Hapo ndipo picha inaposaidia kweli.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka ardhi ipimwe na kusajiliwa. Kabla ya mpima ardhi kufika, jamii ichapishe picha kubwa, iipeleke barazani, wazee na wachungaji waandike juu yake kila malka, laga na silanga. Majirani wa upande wa pili waitwe siku hiyo hiyo, si baada ya mpaka kuchorwa.