Mwenye Duka Afe, Duka Lisife

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wenye maduka, mashamba na karakana



Tumekuja kusema neno moja, nalo si tamu. Sisi watu wa nchi hii tunajua kuanza biashara. Kinachotushinda ni kuiacha hai nyuma yetu.

Hapana mtu hapa asiyelijua duka tunalolisema. Mwenyewe alianza na meza ya chumvi na viberiti kando ya njia. Akajinyima, akajenga kibanda; kibanda kikawa duka la bati; duka likapata mashine ya kusaga na gari la kupakia magunia. Kijiji kizima kikamsifu. Kisha akaugua wiki mbili, akafa.

Baada ya arobaini mlango ukafungwa. Mahali pa kununulia mali kwa bei nafuu alipajua yeye peke yake. Waliokopa kwake aliwaandika kichwani, na kichwa kimezikwa. Fedha ziko benki kwa jina lake, na benki haitoi hata senti mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi. Wakati huo ndugu wanagombea gari, mmoja amekwisha kung'oa mashine, na wale waliompa mali kwa mkopo wamesimama mlangoni kwa mjane na karatasi zao. Mwaka haukwisha, mwanawe wa kwanza yuko kando ya njia ile ile, na meza ya chumvi na viberiti.

Huo ndio msiba wa pili, ndugu zetu. Baba alianza na meza, na mwana ameanza na meza. Nchi ambayo kila kizazi chake huanza na meza itakuwa mteja wa wengine siku zote. Wako watakaosema ni husuda, ni uchawi. Sisi twasema ni daftari. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala tusidhani kwamba jambo hili haliwezekani kwetu. Tutazame Kilimanjaro. Mwaka 1925 wakulima Waafrika wa kahawa waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa rais wake. Walowezi hawakupenda kumwona Mwafrika akilima kahawa kama wao. Chama kikasimama kumtetea mkulima na mibuni yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kikaingia katika taabu ya fedha na magomvi, naye Merinyo akaondoka katika uongozi. Lingekuwa duka la mtu mmoja, habari ingeishia hapo. Haikuishia. Mwaka 1933 kikasimama chama kikuu kipya, KNCU, juu ya vyama vidogo vya vijijini, chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932.

Hatusemi kwamba njia ilikuwa laini. Serikali ya kikoloni ilitaka mkono wake uwe ndani ya chama. Mwaka 1937 wakulima wenyewe, kwa kuchukizwa na bei na kulazimishwa kuuzia mahali pamoja tu, waliyashambulia majengo ya chama. Mwaka 1976 Serikali yetu wenyewe ilivivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha, na KNCU ikarudi. Walioanza mwaka 1925 wamekwisha kuzikwa, lakini jina la chama liko Moshi hata leo.

Kwa nini? Kwa sababu chama hakikukaa mfukoni mwa mtu. Kilikuwa na orodha ya wanachama, mikutano, na vitabu vya hesabu ambavyo mtu mwingine aliweza kuvifungua na kuvisoma. Hata kilipovunjwa juu, wenye kahawa walibaki chini, wakijua kilichokuwa chao.

Mtu atatuambia: "Huo ni ushirika. Mimi duka langu ni la nyumba yangu." Vema. Basi na asikie habari ya nyumba moja ya Japani. Kongo Gumi wa mji wa Osaka ni mafundi wa kujenga mahekalu, na mwanzo wao wanauhesabu tangu mwaka 578. Ukoo mmoja uliishika kazi hiyo zaidi ya miaka 1,400. Hawakumpa mtoto wa kwanza usukani kwa kuwa tu ni wa kwanza. Walimtafuta anayeijua kazi. Pengine walimchukua mkwe, wakampa jina la ukoo, akawa mwana. Katika miaka ya 1930 hata mjane aliongoza. Na walipoanguka, mwaka 2006, walianguka kwa madeni: walikuwa wamekopa kununua ardhi wakati bei iko juu, bei ikaporomoka, na kampuni nyingine ikawachukua. Mahekalu bado yanajengwa kwa jina hilo, ila usukani si wa ukoo tena.

Basi tufanye nini? Kwanza, daftari: kilichoingia, kilichotoka, nani anadaiwa, nani anatudai. Pili, mfuko wa duka na mfuko wa nyumba viwe mbali. Mwenye duka ajipe mshahara kama karani wake, na karo ya mtoto itoke kwenye mshahara huo, si kwenye droo. Tatu, sheria. Biashara ikikua, iandikishwe kuwa kampuni, maana machoni mwa sheria kampuni ni mtu mbali na mwenyewe. Akifa, hisa zake hurithiwa, kampuni haifi. Na wasia uandikwe kwa kufuata dini na sheria inayomhusu mtu, tukikumbuka kwamba deni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa.

La nne ndilo zito. Tumfundishe mrithi tungali hai. Hapa ndipo tunapokwama, na tuseme kweli: twaogopa. Tukimtaja mrithi twaona kama tunaita mauti. Tukimpa mtoto ufunguo twaona tumekwisha kuzeeka. Kwa hiyo twamweka kubeba magunia miaka kumi, asione hata risiti moja, kisha siku ya mazishi twataka aijue biashara yote. Mwache anunue mali mwenyewe. Mwache akosee ungalipo, kwa kuwa kosa la leo utalisahihisha nawe. Na kama anayeijua kazi ni binti yako, au mkeo, au karani asiye wa damu yako, usukani ni wake.

Yuko njia nyepesi ya kujipima. Ondoka mwezi mmoja, usipige simu. Ukirudi ukakuta duka limesimama, umejenga biashara. Ukikuta limefungwa, ulikuwa umejenga kivuli chako tu, na kivuli huzikwa na mwenyewe.

Ndugu zetu, usiku wa leo, kabla ya kulala, mwite mtu mmoja wa nyumbani kwako, umwoneshe daftari. Kama huna daftari, kesho asubuhi linunue kabla hujafungua mlango wa duka.