Majumba ya Watawala na Kumbukumbu za Wanyonge



Mmenitaka nizungumze juu ya historia ya Mapinduzi ya Zanzibar na mahali panapoikumbusha historia hiyo. Yawezekana yuko kati yenu anayejiuliza: Unguja iko mbali kaskazini, nasi tuko Mtwara, karibu na mlango wa Mto Ruvuma; mambo ya visiwani yanatuhusu nini? Nalijibu swali hilo mapema. Mwalimu wa Mtwara anayefundisha Mapinduzi kama habari ya visiwani tu anawanyima wanafunzi wake nusu ya historia yao wenyewe.

Tuanze na Mkunazini, mjini Unguja. Soko la watumwa la hapo lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sultani Barghash kushurutishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni. Watu waliouzwa katika soko lile hawakuzaliwa Unguja. Wengi walitekwa bara, katika nchi za Ziwa Nyasa na za bonde la Ruvuma, wakateremshwa hadi bandari za kusini. Kilwa ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, lakini Mikindani yetu nayo ilikuwamo katika biashara hiyo. Mahali pa soko pakajengwa kanisa la Kianglikana. Mwaka 1876, Askofu Edward Steere, yule yule aliyesimamia ujenzi wa kanisa hilo, alitoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, wakapitia Lindi, wakafanya makazi Masasi. Kwa hiyo Mkunazini na Masasi ni kurasa mbili za kitabu kimoja. Anayeusoma ukurasa mmoja tu hakielewi kitabu.

Biashara ya watumwa ilikomeshwa, na mwaka 1897 utumwa wenyewe ukafutwa kisheria. Unyonyaji haukufutwa. Mashamba ya mikarafuu yalibaki mikononi mwa wachache, na watu wa bara, Wamakonde wa ng'ambo zote mbili za Ruvuma wakiwamo, waliendelea kuvuka bahari kutafuta vibarua. Hao ndio walioungana na wakwezi na wakulima wa visiwani katika Chama cha Afro-Shirazi, kilichoundwa tarehe 5 Februari 1957. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Chama hicho kilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini kwa jinsi majimbo yalivyokatwa kikaambulia viti 13 kati ya 31. Uhuru ulipotolewa tarehe 10 Desemba 1963, Sultani alibaki mkuu wa nchi. Walio wengi waliambiwa kwamba wamekuwa huru, wala hawakuuona uhuru wenyewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, watu waliokuwa na mapanga, marungu na pinde waliivamia kambi ya polisi ya Ziwani na kuzitwaa bunduki zilizokuwamo. Kutoka Raha Leo, kwenye kituo cha redio, nchi ilitangaziwa kwamba usultani umeanguka. Mwaka huo huo ardhi ilitwaliwa na Serikali, kisha wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ikatangazwa kuwa bila malipo. Na pale Kisiwandui, kwenye makao makuu ya Chama, Mzee Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972, akazikwa papo hapo.

Mwalimu mkweli hafichi kwamba katika siku zile za Januari damu nyingi ilimwagika, na kwamba waliuawa pia watu wasiokuwa na hatia, wengi wao wenye asili ya Kiarabu na ya Kihindi. Aeleze sababu za Mapinduzi, aeleze na gharama yake. Historia iliyokatwa kipande haimfundishi mtoto kupima mambo. Humfundisha kushangilia tu, au kuchukia tu.

Ndugu zangu, hapa liko jambo ambalo halina budi kutazamwa kwa makini. Mgeni akifika Unguja huonyeshwa kwanza Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu ya jumba hilo ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na mafundi wawili wakapoteza maisha, habari zilienea duniani, na ni haki zienee. Lakini vibanda vya miti na udongo vya Ng'ambo, walimoishi wachukuzi na vibarua, vilitoweka bila tangazo. Mtawala hujenga kwa mawe na chokaa, na jengo lake humsemea baada ya yeye kufa. Mnyonge hujenga kwa miti na makuti. Kisemacho kwa niaba yake ni kinywa cha aliyeona, na kinywa hicho hakidumu.

Hali ni hiyo hiyo huku kwetu. Boma la Wajerumani la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, limekarabatiwa na kugeuzwa hoteli. Silaumu, afadhali jengo litumike kuliko kuwa magofu. Je, kumbukumbu za waliokuwa wakitawaliwa kutoka katika boma lile ziko wapi?

Muungano ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964. Miezi mitano baadaye, tarehe 25 Septemba, FRELIMO ilianza vita dhidi ya Wareno huko Cabo Delgado, ng'ambo ya mto wetu. FRELIMO yenyewe ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na kimojawapo cha vyama vitatu vilivyoiunda, MANU, kilitokana na vyama vya wafanyakazi wa Kimakonde waliokuwa Tanganyika, Kenya na Zanzibar. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea, katika nchi iliyokuwa ya mashamba ya karanga ya mkoloni. Majeruhi walitibiwa hapa hapa Mtwara, katika hospitali ya FRELIMO iliyopewa jina la Dokta Américo Boavida wa Angola. Vijiji vya ukingoni mwa Ruvuma vilipigwa mabomu ya Wareno kwa sababu ya ukarimu wake. Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975, na katika makaburi ya Naliendele wamelala wanajeshi wetu waliokufa kwa ajili ya nchi hiyo.

Nijuavyo, yuko atakayesema: shule yangu ina upungufu wa madawati na vitabu, nitapata wapi fedha za kumbukumbu? Hoja hiyo ni ya haki, ila kazi ninayoisema haingoji fedha. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1964 amekwisha kupita 80. Kila shule iliyo karibu na Mikindani, Masasi, Naliendele au Ruvuma iwatume wanafunzi wa madarasa ya juu, wakiwa na daftari na kalamu, wakawaulize wazee: nani alivuka kwenda Unguja kuchuma karafuu? Nani aliwapikia wapiganaji? Bomu liliangukia shamba la nani? Waandike majina na mwaka, na daftari litunzwe shuleni.

Nanyi watumishi wa halmashauri, kabla ya kupima viwanja, ulizeni ardhi hiyo ilikuwa nini. Kambi ya wapigania uhuru ikishakatwa viwanja hairudi. Na safari za wanafunzi zikienda Unguja, zisiishie Forodhani. Zifike Mkunazini, Raha Leo na Kisiwandui. Watoto wa Unguja nao waje Naliendele, wavuke na Daraja la Umoja lililofunguliwa Mtambaswala mwaka 2010, waone mto ambao baba zao na baba zetu waliukataa usiwe ukuta.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Watu wetu walipelekwa Mkunazini kwa minyororo, na ilichukua miaka mingi na damu nyingi kuikata. Kuyaandika hayo wangali hai walioyaona ni kazi ya mwalimu na ya mtumishi wa umma, tena ni kazi ya mwaka huu.